Kuku wa Siku ya Mvua

Kikambala,
Jumamosi, 3 Februari 2024

Dada Kadii,

Shikamoo. Natumai u mzima, na goti lako la kushoto limeacha ubishi. Wajukuu hawajambo? Mihogo imesalimika na nguruwe? Mimi afya ninayo, na tumbo ninalo zaidi.

Kwa masikitiko makubwa ninatangaza kifo cha Jiko la Nje, kilichotokea Jumatano saa nne asubuhi baada ya kuugua kutu kwa miaka mingi. Marehemu alikuwa nusu pipa, mwenye miguu mitatu na tofali moja. Ameacha koleo, brashi isiyo na nywele, na mgane mmoja mnene wa miaka hamsini na mmoja, ambaye ndiye anayekuandikia. Mazishi yalifanywa na mkokoteni wa vyuma chakavu. Mashada ya maua hayapokelewi.

Cheche iliruka ikatua kwenye makuti ya nyumba ya wageni namba tatu. Ilitoboa tundu dogo kama jicho la kuku, basi. Lakini Damaris, meneja wetu mpya, mama wa Machakos asiyetania, alisema moto wa nje mwisho wake leo. Sasa tunapika ndani, kwa gesi. Na chakula cha mchana kimebadilishwa. Tunauza saladi ya kuku.

Dada, umewahi kukutana na kitu hicho? Kuku mwenyewe hana ngozi wala mfupa. Huletwa kwenye kisahani cha plastiki, vidari vinne vimelala ndani ya maji ya rangi ya waridi, vinateleza kama ulimi wa mgonjwa. Unavipika, halafu, nakuapia, unaviacha vipoe. Makusudi! Kisha unavikata vipande, unavitandaza juu ya majani mabichi, na unavimwagia kitu cheupe kizito ambacho nikikwambia kinafanana na nini hutakula ugali wako leo. Na watu wazima, wenye akili zao na watoto shuleni, hukaa wakala na kujifuta midomo.

Ningecheka kama isingenigusa. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Jumamosi ya tarehe ishirini na nne watakuja walimu wakuu wastaafu thelathini, na Damaris amesema saladi yao ndiyo mtihani wangu. Nikifaulu, nabaki jikoni. Nikianguka, jiko anapewa kijana Japheth mwenye vyeti viwili vya upishi, nami naenda kufua mashuka. Miaka ishirini na mitatu nimechoma kuku nje. Ndani sijui hata swichi ya taa iko wapi.

Wewe umepika ndani maisha yako yote. Niambie: kuku anapikwaje bila jiko la nje, naye akapata ladha?

Barua hii anakuletea Mwaro, mchuuzi wa maembe, akirudi huko na magunia yake matupu. Simu siitaki. Nikikupigia, nyumba nzima inasikiliza.

Nduguyo mdogo,
Nyale

*

Vitengeni,
10 Februari 2024

Ndugu yangu Nyale,

Marahaba. Sisi tuko salama. Goti limetulia, sasa ni zamu ya kiuno. Nguruwe walikula mistari miwili ya mihogo na kuacha mmoja, labda ni wa mbegu yao.

Poleni na msiba. Nilimsomea Kahaso, binti yangu, ile habari ya mazishi, akacheka mpaka akamwamsha mtoto. Lakini ulipofika kwenye maji ya waridi nilisimama. Nyale, mbona unaniandikia mambo kama hayo saa ya chakula? Kuku wa baridi juu ya majani! Mbuzi angekula yale majani, na paka angekula yule kuku, lakini kuwaweka sahani moja ni kuwatukana wote wawili.

Haya. Unauliza kuku anapikwaje ndani. Umesahau siku ile ya mvua? Yule mzee mwenye miwani ya kamba, aliyejenga hapo unapofanya kazi, alikuja kwetu kununua boriti. Mvua ikamfungia. Kuni za nje zimelowa chapachapa, baba anasema mgeni hawezi kuondoka na njaa. Nikampika jogoo ndani, kwenye kile kikaangio cha chuma, nikamgandamiza kwa jiwe la kusagia. Mzee alikula mpaka akatafuna mfupa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, namsikia anavyoutafuna. Wewe ndiye uliyempelekea sahani.

Kisha ukaja ukaniambia anatafuta mpishi, lakini anataka mwanaume.

Basi pika hivyo hivyo. Kikaangio kizito, na subira. Subira ndiyo usiyokuwa nayo, tangu utotoni unachungulia sufuria kama unatafuta pete iliyopotea.

Kula vizuri. Usile hiyo saladi.

Dadako,
Kadii

*

Kikambala,
14 Februari 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo, na kiuno nacho nakipa shikamoo yake. Mimi mzima wa mwili, ila heshima yangu ina majeraha.

Nilikuwa na haraka, sikuisubiri barua yako. Jumatatu nilijaribu kwa akili yangu mwenyewe, ambayo wewe unaifahamu. Nilimchemsha. Likapanda povu la kijivu, zito, linanuka kama tambara la jikoni lililosahauliwa Ijumaa. Nyama ilitoka nyeupe na kukunjamana, kama nyayo za mtu aliyeshinda majini. Nilipoitafuna ililia kwenye meno kama kandambili. Nilimtupia vipande paka wa jirani. Paka akanusa, akanitazama usoni, kisha akaanza kufukia kwa mchanga. Dada, nimedharauliwa na watu wengi, lakini paka alikuwa bado.

Jana nikapata wazo baya zaidi. Niliwasha makaa kwa siri kule nyuma, nikayaingiza jikoni ndani ya karai, nikapanga kuyapalia juu ya kifuniko kama wali. Sikujua kwamba dari ina kidude kinachonusa moshi. Kililia! Wageni wote wakatoka nje, mmoja na sabuni masikioni. Damaris alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Bwana Nyale, hayo ni nini?"

"Ni majaribio, madam."

"Ya kutuua?"

Japheth alikuwa pembeni ananisaidia kukohoa. Kusema kweli si mtu mbaya. Alinishika bega akasema, "Mzee, ukihitaji, kuna kozi ya wiki mbili." Nilitamani karai linimeze.

Barua yako imefika leo. Kikaangio kizito nimekiona, kiko chini ya rafu, kimeshikilia mlango wa stoo. Lakini "subira" si kipimo. Niandikie hatua kwa hatua, kama unamwandikia mtu mjinga. Jifanye humjui.

Na kila nikifungua kile kisahani cha plastiki, yale maji yananichuruzikia mkononi hadi kwenye kiwiko. Siku hizi nasikia harufu yake hata kwenye chai.

Nduguyo,
Nyale

*

Vitengeni,
18 Februari 2024

Nyale,

Hatujambo. Kiuno kimepokea salamu.

Sina haja ya kujifanya namwandikia mjinga.

Kwanza, hicho kisahani rudisha kilikotoka. Mwambie huyo mama anunue kuku mzima, au angalau mapaja yenye ngozi. Akikataa, vikaushe hivyo vidari kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisilowe tena. Kinyaa chako chote kiko kwenye hayo maji. Yafute.

Pasua nyama bapa, isiwe nene mahali na nyembamba mahali. Twanga kitunguu thaumu, tangawizi, chumvi na pilipili manga. Kamulia ndimu. Paka, uache kwa muda wa kufua nguo za watu wawili, usipitishe hapo, maana ndimu ikizidi inaigeuza nyama kuwa unga.

Kikaangio kiweke motoni kikiwa kitupu. Ngoja. Rushia tone la maji. Likikaa likachemka, bado. Likikimbia huku na huku kama limeiba, sasa. Paka mafuta kwenye nyama, si kwenye kikaangio, moshi hautakuwa mwingi na kile kidude hakitalia. Laza. Weka kifuniko kidogo kuliko kikaangio, na juu yake jiwe. USICHUNGULIE. Imba wimbo mzima wa kanisani, beti zote, ndipo ugeuze. Nyama ikikataa kubanduka, haijaiva upande huo, usibishane nayo. Geuza mara moja tu. Ukimaliza, itoe, ifunike, iache ipumzike mpaka iwe vuguvugu. Vuguvugu, Nyale. Si baridi. Kisha ichane kwa mikono kufuata nyuzi zake. Kisu kinamfanya kuku aonekane kama sabuni.

Yale majani usiyamwagie huo uchafu mweupe. Kata embe bichi nyembamba, tango, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, dania. Na yale mafuta na maji yaliyobaki chini ya kikaangio usiyamwage. Kamulia ndimu humo humo, koroga, umwagie juu. Hiyo ndiyo siri. Hata mama sikumwambia.

Nina sharti moja. Sikuwahi kukuomba kitu tangu uende huko. Wakikuuliza umefunzwa na nani, sema. Basi. Sitaki waniite wala wanipe chochote. Nataka tu, mara moja, jina langu litajwe kwenye lile jiko.

Dadako,
Kadii

*

Kikambala,
26 Februari 2024

Dada yangu,

Shikamoo sana! Wazima? Mimi mzima, mzima kabisa, na nabaki jikoni. Mkataba wa miaka miwili umetiwa sahihi.

Ungewaona wale walimu. Walikuja na nyuso za kusahihisha mitihani. Mmoja aliinua jani kwa uma akaligeuza, akatafuta funza. Kisha akaonja. Kisha akanyamaza. Kisha meza nzima ikanyamaza, nikadhani nimewaua. Kumbe wanakula! Walifuta sahani kwa mkate. Mwalimu mmoja wa hesabu, bibi wa miaka sabini, alikuja mpaka dirishani akasema, "Mwanangu, hii nakupa asilimia tisini na nane. Mbili nazizuia usije ukavimba kichwa."

Nilifuata kila neno lako. Niliimba wimbo mzima, beti zote tano. Japheth aliitikia.

Kuhusu lile jambo lako, usiwe na wasiwasi. Palikuwa na kelele nyingi, watu wengi, lakini familia niliitaja.

Damaris ameandika kwa chaki kwenye ubao wa nje, na sasa saladi hiyo inauzwa kila siku. Hata mimi nilikula kidogo. Mambo ya kuku wa vuguvugu, sijui. Koo langu bado halijazoea.

Mpe Kahaso salamu. Niandikie upesi.

Nduguyo,
Nyale

*

Kikambala,
11 Machi 2024

Dada Kadii,

Shikamoo. Huko hali ikoje? Wiki mbili sijapata neno, nikadhani ni kiuno.

Jana Mwaro kafika. Barua hana. Kaniletea kuku. Mtetea mwekundu, shingo tupu isiyo na manyoya, kafungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Nikamuuliza, "Dada amesemaje?" Akasema, "Hakusema. Alisema tu nisome ubao wenu nikifika, nimwambie umeandikwa nini." Nikamuuliza kama ameusoma. Akasema ameusoma. Nikamwambia chai ipo, akasema ana haraka, na wewe unajua Mwaro hajawahi kuikimbia chai.

Huyu kuku simwelewi. Nimempa mahindi. Nimemfungulia kamba. Hakimbii. Anasimama mlangoni mwa jikoni ananitazama kwa jicho moja, kisha anageuza kichwa ananitazama kwa lile jingine. Kama amekuja kwa usaili. Damaris aliuliza, "Huyu ni wa saladi?" Nikajibu haraka mno, "Hapana."

Niandikie basi, hata mstari mmoja. Hata matusi.

Nduguyo,
Nyale

*

Kikambala,
Jumatano, 27 Machi 2024

Dada yangu Kadii,

Shikamoo. Siulizi habari zako, maana huna sababu ya kunijibu. Kuku wako ni mzima. Ametaga mayai tisa chini ya sinki, na hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Nakuandikia jinsi mambo yalivyokuwa. Mara hii sitatangaza chochote.

Siku ile ya walimu, Damaris alinitoa nje ya jikoni na kunisimamisha mbele ya meza. Hapakuwa na kelele. Nilikuandikia palikuwa na kelele, lakini palikuwa kimya hata majani ya minazi yakisikika. Yule bibi wa hesabu akauliza, "Mwanangu, haya umefunzwa na nani?" Yaani maneno yako yenyewe, kana kwamba mmekaa mkapanga. Jina lako lilikuwa mdomoni, dada. Nilikwisha kufungua mdomo. Nikasema, "Ni kipaji tu, mama. Katika familia yetu tunazaliwa nacho." Hiyo ndiyo familia niliyoitaja. Wakapiga makofi.

Kwenye ubao Damaris aliandika SALADI YA NYALE. Nilimwona anaandika. Nilimshikia kopo la chaki.

Kisha nikaenda nyuma ya stoo na sahani yangu. Nilikwambia nilikula kidogo. Nilitafuna mara mbili nikatema mchangani. Nayo ilikuwa tamu, dada, tamu kuliko chochote nilichowahi kupika. Nilipoitema nilisikia ile harufu ya maji ya waridi, ilhali nyama ilikuwa kavu na safi. Nikanusa sahani, nikanusa aproni. Mwishowe nikanusa mikono yangu. Tangu siku ile naiosha kwa ndimu na bado nasikia kinyaa nikijishika uso.

Ningependa kukwambia nilikiri mwenyewe. Sikukiri. Barua yako ndiyo iliyokiri.

Nilikuwa nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la viungo, maana hadi leo siwezi kupika kuku huyo bila kuisoma. Wiki iliyopita Damaris alialika wapishi wa nyumba za jirani ili niwafunze. Nilifungua kabati mara tatu, nikisingizia pilipili manga. Mara ya nne alinifuata. Akaibandua, ina madoa ya mafuta, akaanza kuwasomea wote kwa sauti, akicheka. Alicheka ulipofika kwenye sabuni. Alicheka kwenye beti za kanisani. Kisha akafika kwenye sharti lako, na hakucheka tena, lakini mdomo ulikuwa umeshaanza sentensi, akaimaliza. Kikaangio kikaungua, na kile kidude cha darini kikaanza kulia. Hakuna aliyetoka nje.

"Kadii ni nani?"

"Dada yangu."

"Ndiye aliyekufunza?"

"Hakunifunza, madam. Aliniandikia tu."

Japheth alizima gesi, akanitazama kama paka yule.

Damaris alitoka na kitambaa akafuta ubao. Sasa umeandikwa KUKU WA KADII, WA SIKU YA MVUA. Mwaro atakuthibitishia, mwambie asome vizuri. Amesema anataka kukuona, na kwamba jiko lina nafasi ya watu wawili. Nimemwambia sitakupelekea ujumbe huo, maana nimewahi kupewa ujumbe wako nikaupindisha. Namba ya simu yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ongea naye mwenyewe. Kama atanihamishia kwenye mashuka, atanihamisha.

Ijumaa Kuu nakuja nyumbani. Nakuja na kuku wako na mayai yake. Huko nitakaa chini kwenye kigoda, nimenye vitunguu, na ukitaka nitoke nitatoka.

Lakini kabla sijafika ujue neno lililobaki, nisije nikalimeza tena njiani. Yule mzee wa miwani hakutaka mwanaume. Hakutaja mwanaume wala mwanamke. Aliweka mfupa chini, akajifuta vidole kimoja kimoja, akasema aliyempika kuku huyu aje Jumatatu, jiko lake ni hilo. Ndiyo maana nilipofika niliomba kuchoma nje. Nilijua wakiniweka ndani mbele ya kikaangio wangenigundua siku ya kwanza. Miaka ishirini na mitatu nimesimama kwenye moshi kwa ajili hiyo.

Mvua ilikuwa inapiga bati, nawe ulikuwa umeshatoka nyuma ya mlango, umerudi kupuliza moto. Aliniuliza, "Nani kapika?"

Nikasema, "Mimi."

Nduguyo,
Nyale